Uzi wa Kioo Wenye Matundu

Saa tatu asubuhi foleni katika mji wa Bath, Uingereza, ilikuwa imeshazunguka kona ya kanisa kuu. Wageni walisubiri kuingia kwenye hamamu ambayo Warumi waliijenga karibu miaka 2,000 iliyopita, juu ya chemchemi inayotoa lita 1,170,000 za maji kila siku, yenye joto la nyuzi 46. Niliwapita nikaenda kutafuta kituo cha basi. Basi la U1 lilipanda kilima likiwa limejaa wanafunzi wanaosinzia, na baada ya muda mfupi mji mzima wa mawe ya rangi ya asali ulikuwa chini yetu.

Juu ya kilima hicho, mahali paitwapo Claverton Down, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Bath. Majengo yake ni ya zege na hayamvutii mtalii. Ndani yake, hata hivyo, kuna mafundi wa kazi moja ya ajabu: wanatengeneza nyuzi za kioo zenye matundu.

Safari hii chanzo chake ni ubishi wa kibarazani Sinza. Mjomba wangu ni fundi wa faiba tangu mwaka 2009, mwaka ambao mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na mji ukaanza kuchimbwa mitaro kila kona. Nilipomwambia nimesoma habari za nyuzi zenye hewa ndani, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Mjomba,” aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, “mimi kikiingia hata kiputo kimoja cha hewa kwenye maungio, kazi imeharibika. Nakata, naanza upya. Hao wanaotia hewa makusudi, wanatafuta nini?”

Hana kosa. Faiba ya kawaida ni kioo kitupu tangu katikati hadi ukingoni. Kuna kiini, halafu kuna ganda la kioo kilichochanganywa tofauti kidogo. Mwanga ukikimbia ndani ya kiini na kuligusa ganda kwa mshazari, hurudishwa ndani, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari. Charles Kao alionyesha mwaka 1966, akiwa Uingereza, kwamba kilichokuwa kikiuzuia mwanga usifike mbali ni uchafu ndani ya kioo, si kioo chenyewe. Miaka yote iliyofuata ikawa vita ya kukisafisha. Kwa fundi aliyelelewa na historia hiyo, kiputo ni adui.

Jibu la swali la mjomba lilianzia Southampton, kwa hiyo hata mimi nilianzia huko, siku mbili kabla ya Bath.

Southampton ni mji wa bandari. Kutoka hapo Titanic iling'oa nanga tarehe 10 Aprili 1912, na mgeni hukumbushwa jambo hilo kila anapogeuka. Kituo cha utafiti wa mwanga cha chuo kikuu chake hakina umaarufu huo, ingawa kila mtu wa Pwani anayepiga soga na ndugu yake aliyeko Muscat au Toronto anadaiwa nacho shukrani. Mwaka 1987 kundi la David Payne lilibuni hapo kikuza mwanga: kipande cha faiba kilichotiwa elementi iitwayo erbiamu, ambacho huupa mwanga uliochoka nguvu mpya bila kuugeuza kwanza kuwa umeme. Mikongo ya chini ya bahari, ikiwamo inayofika Dar es Salaam na Mombasa, hupitisha mwanga wake kwenye vikuza vya aina hiyo, kimoja baada ya kingine sakafuni mwa bahari. Oktoba 2005 moto uliteketeza jengo lenye maabara zao. Walijenga jipya, wakaendelea.

Katika kituo hicho hicho, mwaka 1991, mwanafizikia Philip Russell, mzaliwa wa Belfast, alipata wazo lililoonekana halina maana. Wakati huo wanafizikia walikuwa wakizungumzia vitu vinavyoitwa fuwele za fotoni, vilivyopendekezwa mwaka 1987 na Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake. Anayetaka kujua fuwele ya fotoni ni nini, na amtazame tausi, kama wale wa Ikulu ya Dar es Salaam. Buluu ya unyoya wake haitokani na rangi yoyote ya kupakwa. Uchukue unyoya uusage, utabaki na unga wa kahawia. Buluu inatokana na vijiti vidogo mno vilivyojipanga kwa nafasi sawasawa ndani ya unyoya, ambavyo huukataa mwanga wa buluu usipite na kuurudisha machoni petu. Russell alijiuliza: je, uzi wa kioo ukizungushiwa mpangilio wa namna hiyo, mwanga si utakataliwa kila upande na kubaki katikati?

Kwanza walijaribu kuchukua kipande kinene cha kioo na kukitoboa kwa keekee. Haikuwezekana, matundu yaliyotakiwa yalikuwa mengi, membamba na marefu kupita uwezo wa keekee. Ndipo wakageukia njia ya mkono: kuchukua mirija myembamba ya kioo na kuipanga mmoja juu ya mwingine. Novemba 1995 uzi wa kwanza wa kuaminika ulishuka kutoka mnara wa kuvutia nyuzi, ukiwa na safu za matundu zilizopangika kama sega la nyuki. Mwaka uliofuata, Russell na wenzake Jonathan Knight na Tim Birks walihamia Bath, na kazi ikahamia nao.

Kwa hiyo nikawafuata.

Mwenyeji wangu kilimani, mtafiti kijana mwenye subira, alinipeleka kwanza kwenye meza ya mirija. Kila mrija una unene wa kama milimita moja na urefu unaokaribia mita. Hakuna mashine inayoipanga. Mtu huvaa glavu, huketi, na kuiweka mmoja mmoja mpaka iwe mamia, ikishikana pembe sita kama matete yaliyofungwa bunda. Katikati, mahali pa mrija mmoja, huwekwa ufito wa kioo usio na tundu. Huo ndio utakaokuwa kiini. Anayepanga akipiga chafya, nilielezwa, siku imeharibika. Nikawakumbuka wasusi wa mikeka wa Pemba: ukikosea mwaa mmoja mwanzoni, mkeka mzima utakuumbua.

Bunda hilo hupandishwa juu ya mnara mrefu kuliko nyumba ya kawaida na kuteremshwa taratibu ndani ya tanuri lenye joto la karibu nyuzi 2,000. Kioo hulainika kama asali na huvutwa chini. Hatua ya kwanza hutoa fimbo ya milimita chache. Fimbo hiyo huvishwa ganda la kioo na kuvutwa tena, mpaka kupatikane uzi wa mikroni 125, unene ule ule wa faiba za mjomba, na matundu yote yangali ndani, kila moja mahali pake, yakiwa yamesinyaa mara maelfu. Shinikizo la hewa ndani ya matundu hupimwa muda wote. Likipungua, kioo hujifumba, likizidi, hutumbuka.

Uzi wa kwanza ulileta jambo ambalo wenyewe hawakulitarajia. Matundu yake yalikuwa madogo mno kufanya kazi ya unyoya wa tausi, na bado mwanga ulibaki ndani. Sababu ilikuwa rahisi: kioo chenye matundu, kwa wastani, ni chepesi kwa mwanga kuliko kioo kitupu cha katikati, kwa hiyo mwanga ulirudishwa kama katika faiba yoyote. Kilichowashangaza ni kwamba uzi huo ulipitisha kila rangi kwa njia moja tu, iliyonyooka. Katika faiba ya kawaida, rangi zenye mawimbi mafupi huanza kutawanyika kwenye njia kadhaa na kuvurugana.

Chumba kilichofuata kilikuwa na giza, na taa nyekundu juu ya mlango. Mezani palikuwa na leza ndogo inayotoa mwanga wa nanomita 1,064, ambao jicho la binadamu halioni. Mwanga huo usioonekana uliingizwa kwenye mwisho mmoja wa uzi uliozungushwa kama kamba ya kuanikia nguo. Karibu na leza uzi ulikuwa mweusi. Mizunguko kadhaa mbele ukaanza kung'aa, na mwisho wa pili ukatoka mwanga mweupe.

Mweupe wa leza si kitu cha kutazama hivi hivi. Miwani ya maabara huzuia rangi fulani na kuacha nyingine zipite ili mtu aone anachofanya. Kwa mwanga wenye rangi zote hakuna miwani ya kukukinga ikakuachia bado unaona. Kwa hiyo mwale wenyewe umefungiwa ndani ya sanduku. Mimi nilionyeshwa sehemu ndogo tu, iliyopitishwa kwenye prizimu na kuangukia karatasi nyeupe: urujuani, nili, buluu, kijani, manjano, chungwa, nyekundu, bila pengo hata moja. Upinde wa mvua uliozaliwa na kitu kisicho na rangi.

Kugeuza leza kuwa mwanga mpana si jambo jipya. Robert Alfano na Stanley Shapiro walilifanya Marekani mwaka 1970, kwa leza zenye nguvu kubwa zilizorushwa kwenye vipande vya kioo. Jipya lilikuja mwaka 2000, pale Jinendra Ranka, Robert Windeler na Andrew Stentz wa Bell Labs walipochapisha matokeo ya uzi wenye matundu makubwa na kiini cha chini ya mikroni mbili, chembamba kuliko unywele karibu mara 40. Leza yao ilikuwa ya kawaida katika maabara za wakati huo, yenye mipigo ya femtosekunde 100, yaani sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde. Sentimita 75 tu za uzi zilitosha kuzaa rangi kuanzia urujuani hadi ndani kabisa ya infraredi.

Siri iko kwenye mwendo. Mpigo wa leza ni kama msafara, na rangi zake ndio wasafiri. Katika kioo cha kawaida, ukiangaza kwa mwanga wa karibu na mwekundu, rangi hazitembei sawa. Nyekundu hutangulia, buluu husalia nyuma, na msafara hurefuka mpaka unaisha nguvu. Ukubwa wa matundu na nafasi baina yake humwezesha fundi kuirekebisha hali hiyo, ili msafara usitawanyike. Mpigo unapokaa umeshikana ndani ya kiini chembamba vile, ukali wake unakuwa mkubwa kiasi kwamba kioo chenyewe kinabadilika tabia kwa kitambo, na mwanga huanza kujigeuza rangi.

Mchana huo niliteremka kwa miguu hadi mfereji wa Kennet na Avon, unaopita bondeni ukiwa na mashua nyembamba zenye maua juu ya paa. Niliuchagua kwa makusudi. Mwaka 1834, kwenye mfereji wa namna hii huko Scotland, mhandisi John Scott Russell, asiye na undugu na huyu wetu niujuao, aliona mashua iliyokuwa ikikokotwa na farasi ikisimama ghafla. Maji mbele yake hayakusimama. Yalijikunja kuwa wimbi moja la mviringo na kuendelea na safari, naye akayafuata kwa farasi kwa kilomita kadhaa bila kuyaona yakipoteza umbo. Mawimbi ya aina hiyo huitwa solitoni, na ndani ya uzi wa Bath ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi: mpigo mmoja huvunjika kuwa solitoni kadhaa, ambazo huteleza kuelekea nyekundu huku zikizaa rangi za upande wa buluu.

Jioni niliingia nambari 19, New King Street, nyumba ya ghorofa iliyogeuzwa makumbusho. Aliishi humo William Herschel, mwanamuziki kutoka Ujerumani aliyepiga kinanda katika kanisa moja la Bath, na usiku akisugua vioo vya darubini. Tarehe 13 Machi 1781, akiwa kwenye bustani ya nyuma, aliiona sayari ya Uranus. Mwaka 1800, akiwa ameshahamia Slough, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya ukingo wa nyekundu, pasipo na rangi yoyote, ndicho kilichopanda kuliko vingine. Alikuwa amegundua infraredi, mwanga wa aina ile iliyoingia uzini kule kilimani bila kuonekana na kutoka mweupe. Mwalimu wa fizikia anaweza kulirudia jaribio hilo Lindi au Kigoma kwa prizimu moja na vipimajoto vitatu vilivyopakwa masizi. Jua letu halina uhaba.

Uhusiano wa Herschel na kilima haujaishia hapo, lakini kuueleza kunahitaji kanuni, kile chombo cha taarab. Ukipiga uzi wake mmoja, kisha ukapiga mwingine wenye masafa maradufu, sikio husikia sauti ile ile iliyopanda juu. Umbali huo ni oktavi. Wapimaji wa mwanga walikuwa na taabu ya miaka mingi: mwanga hutetema mara mamia ya trilioni kwa sekunde, na hakuna saa ya kielektroniki inayoweza kuhesabu hivyo. Maabara chache zilizoweza zilijaza vyumba vizima kwa leza zilizofungwa mnyororo. Walichokosa ni mwanga unaokunjua oktavi nzima, ili ncha yake nyekundu ikizidishwa mara mbili ilingane na ncha ya buluu, na tofauti ndogo iliyobaki ihesabiwe kwa vyombo vya redio. Uzi wenye matundu ukawapa oktavi hiyo. Mwaka 2000 kundi la Theodor Hänsch la Garching, karibu na Munich, lilichapisha kipimo chake pamoja na watu wa Bath. Kundi la John Hall la Boulder, Marekani, lilikuwa limefika huko huko. Mwaka 2005 Hänsch na Hall waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nusu nyingine ilikwenda kwa Roy Glauber.

Chombo chao huitwa kichanio cha masafa, kwa sababu rangi zake zimejipanga kama meno ya kitana. Kimeshafungwa kwenye darubini ya La Silla, Chile, kikiwa rula ya kupimia mwanga wa nyota. Sayari inapoizunguka nyota huivutavuta kidogo. Dunia yetu hulitikisa jua kwa sentimita kama 9 tu kwa sekunde. Kutafuta sayari kama yetu ni kutafuta mtikisiko wa kasi ya kobe. Kazi aliyoianza Herschel bustanini kwa macho inaendelea kwa uzi ulioendelezwa juu ya mji ule ule.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Erlangen, mwendo mfupi wa treni kutoka Nuremberg. Kila aliyepita sekondari anaufahamu mji huu bila kujua, kwani hapa ndipo alipozaliwa Georg Simon Ohm, yule wa Sheria ya Ohm, mwaka 1789. Russell alihamia Ujerumani, na Januari 2009 Taasisi ya Max Planck ya Sayansi ya Mwanga ilipoanza, alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake wa kwanza. Kazi iliyoipa jina ilikuwa ya kuuondoa hata ule ufito wa katikati. Uzi wenye kiini kitupu ulionyeshwa na kundi la Bath mwaka 1999: mwanga unasafiri ndani ya hewa, na ganda lenye matundu linaukataza usitoke, kama alivyotaka Russell tangu mwanzo. Ndani ya tundu hilo la katikati, Erlangen walitia gesi. Gesi haichafuki kwa miale ya ultravioleti kama kioo kinavyochafuka, kwa hiyo rangi zinaweza kusukumwa mbali zaidi upande wa pili wa urujuani.

Simu ilipoita hotelini, mjomba alikuwa na swali moja. “Hiyo tupu, inapeleka data?”

Inapeleka. Katika kioo mwanga hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Hewani hukaribia 300,000. Kampuni ya Lumenisity, iliyozaliwa na Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2017, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2022. Mwaka 2025 watafiti wake walichapisha uzi mtupu unaopoteza desibeli 0.091 kwa kilomita, chini ya faiba yoyote yenye kiini cha kioo iliyowahi kuvutwa. Kwa lugha ya barabarani: mwanga ukiingia Posta, Dar es Salaam, nusu yake bado ipo ukikaribia Kibaha.

Niliporudi, mjomba alikuwa akinisubiri Sinza, mashine yake ya kuungia faiba ikiwa mezani, imeshawashwa. Kutoka Bath nilikuwa nimepewa mita moja ya masalio, uzi wenye matundu na kiini cha kioo, uliozungushwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliumenya, akaukata ncha kwa kisu chake cha faiba, akaulaza kwenye mashine mkabala na faiba ya kawaida. Kwenye skrini faiba yake ilionekana angavu katikati. Ya Bath ilikuwa na giza, kwa sababu matundu hutawanya mwanga unaoipiga ubavuni. Mashine ilipiga cheche. Kioo kililainika, matundu yakajifumba sentimita haijafika, na mwanga ukavuja wote pale kwenye kiungo.

“Moto mwingi,” alisema. Akaingia kwenye programu, akapunguza nguvu ya cheche na muda wake, akakata tena. Mara ya pili matundu yalijifumba kidogo. Mara ya tatu kiungo kilishika, ingawa namba ya upotevu ilimfanya atikise kichwa.

Kipande kilikuwa mita moja nilipotoka nacho Bath. Sasa kimebaki sentimita 40, na mjomba bado anakata.